Kifundo cha Kikwembe cha Koko

Sifa,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pamoja na kifundo kidogo cha kitambaa. Nakuomba usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua, ukiambiwa usifungue, mkono umeshafika. Lakini safari hii mvumilie baba yako, maana kifundo bila barua hakitakuambia kitu, na barua bila kifundo utasema mzee anajitungia maneno ili mtoto wake apate faraja.

Naandika nikiwa kwenye nyumba ya fromaji, hapa ninapotengenezea jibini. Ni mchana. Maziwa ya leo nimeshayatia dawa ya kugandisha, yametulia ndani ya sufuria kubwa, na nina kama saa nzima kabla ya kuyakata. Wewe na mama yako mmeenda kuaga kwa shangazi yako kule ng'ambo ya kijito. Kesho asubuhi pikipiki itakuja, itakufikisha Walikale kama barabara itakubali, na kutoka pale utaendelea kwa miguu na wenzako mpaka Itebero, kwenye kazi yako ya kwanza. Mambo ya viatu, ya chandarua, ya kuchemsha maji ya msituni, mama yako ameyasema mara tatu na atayasema ya nne kabla pikipiki haijawaka. Mambo ya sindano na vipimo unayajua wewe. Wewe umesomea uuguzi, mimi nimesomea maziwa. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, na nimekuficha hilo kwa miaka minane.

Nitaanzia jana. Tulipokuwa tunafunga begi, chini ya blauzi zako nyeupe za kazi nilikuta boksi mbili zenye picha ya jani la kijani. Nilishtuka kabla sijasoma jina. Siyo kampuni ileile niliyoiuzia chai zamani, lakini jani ni lilelile, na yule mwanamke anayecheka kwa meno yote ni yuleyule au mdogo wake. Nikakuuliza ni nini.

"Ni ya kulala tu, Papa," ukasema. "Rafiki yangu wa Goma njo alinitumia. Sipatake usingizi muzuri."

"Iko nini ndani?"

"Ni majani tu. Iko naturel."

Nilivuta kamba ya begi mpaka ukaniambia, "Papa, utaikata." Neno lile, naturel, yaani kitu cha asili, nililisema mimi mwenyewe katika vilima hivi mpaka sauti ikakauka. Na lile la usingizi nalo halikuwa geni. Mama yako aliwahi kuniambia kwamba huwa unaamka, unawasha tochi ya simu, unahesabu dawa. Hata dawa ya minyoo ya wadogo zako unaihesabu mara tatu. Nilijifanya sijasikia, nikaenda kugeuza fromaji kwenye rafu.

Leo asubuhi, tulipokuwa tunachuja maziwa, nikamweleza mama yako kila kitu. Hakupiga kelele. Alichuja maziwa ya bidon ya kwanza, lile dumu kubwa, akachuja ya pili, akakamua kitambaa, ndipo akanitazama.

"Andika," akasema. "Mutoto hataenda na ule uzito. Kama hauandike, mimi njo nitamuambia, na nitamuambia vibaya."

Basi naandika.

Unaukumbuka mwaka ule nilipovaa karavati, tai ya shingoni kama ya wakubwa? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Watu walikuwa wamezoea kuniona na koti la kazi linalonuka maziwa yaliyochacha. Kanisani watoto waliniita Papa Fromaji, na wakubwa waliniachia nafasi kwenye benchi, siyo kwa heshima, kwa harufu. Nilikuwa nacheka nao, lakini iliniuma. Ndipo akaja yule bwana kutoka Goma, Dokta Prosper. Hakuwa dokta wa kitu chochote, ila hilo nilikuja kulijua baadaye. Alileta katoni za chai, vidonge, unga wa kuongeza nguvu, na mashine ndogo yenye fimbo ya chuma. Unashika fimbo, yeye anabonyeza kompyuta, kompyuta inasema ini lako limechoka, figo imejaa mafuta, damu imekuwa nzito. Nilishika. Ikasema moyo wangu ni wa mzee wa miaka themanini. Niliogopa kweli, Sifa. Nilirudi nyumbani natembea polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Nikanywa chai yake wiki mbili, na sitakudanganya, nilijisikia vizuri. Tumbo lilifunguka, suruali ikalegea, nikajiona kijana. Sasa naelewa kwamba ukimpa mtu kitu cha kumkimbiza chooni siku kumi, lazima atakuwa mwepesi. Wakati ule niliuita muujiza. Dokta Prosper akaniambia nina uso wa kuaminika, watu wa huku watanisikiliza mimi kuliko yeye, niende Goma kwa formasio, mafunzo ya siku tatu. Siku tatu! Wewe umekaa darasani miaka ili uruhusiwe kumchoma mtu sindano ya tako. Mimi kwa siku tatu nikarudi na cheti chenye muhuri, mashine kama ile yake, na karavati nyekundu.

Njiani kurudi, pale Mubambiro karibu na kambi, askari mmoja alitusimamisha. Akaiona karavati, akavua kofia.

"Pasta, uniombee. Kichwa inaniuma tangu jana."

Ningeweza kumwambia mimi siyo pasta. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwombea vizuri sana, halafu nikamwachia sacheti mbili za chai. Nilifika nyumbani nimejaa furaha. Kilichoniingia hakikuwa chai wala unga, ilikuwa ile kofia iliyovuliwa. Nakuambia hili kwa sababu unaweza kufikiri baba yako alidanganywa kama mtoto. Sikudanganywa tu. Nilitaka.

Na ninachojionea aibu zaidi ni kwamba kazi yangu yenyewe ni kutilia shaka. Mtu akiniletea bidon, hata awe mjomba wangu, namuuliza ni ng'ombe gani, nani alikamua, saa ngapi, kuna aliyechomwa sindano juzi? Naweka kidogo kwenye kijiko juu ya moto nione kama yatakatika. Naonja, natema. Unamkumbuka mama yule wa kilima cha pili aliyeficha kwamba ng'ombe wake alitibiwa kiwele? Sufuria nzima ilikataa kuganda, tukawapa nguruwe. Tangu siku ile hakuna bidon inayopita kwangu bila kujibu maswali, na watu wananisema kwamba mimi ni mgumu. Lakini katoni ya Dokta Prosper niliipokea kwa mikono miwili. Sikuuliza nani aliitengeneza, nini kimo ndani, mtu anayemeza dawa nyingine atafanyaje, na mtu akidhurika nimtafute nani. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo na ya lugha nisiyoijua. Hilo nalo nikaliona ni alama ya kitu cha maana.

Hata mashine ilinionya. Siku moja nilimpima shemasi wetu, mzee mwenye wajukuu tisa, nikasahau kubadilisha pale kwenye kompyuta nilipokuwa nimebonyeza kwamba mgonjwa ni mwanamke. Kompyuta ikatoa majibu kwamba kizazi chake kimechoka.

"Papa Sifa," shemasi akasema, "mashine yako inanitania?"

Nikamwambia ni lugha ya sayansi. Nilijua pale pale kwamba ile fimbo haisomi mwili wa mtu, inasoma nilichobonyeza. Nilijua, nikaifunga kwenye mfuko wake, nikaenda nyumba inayofuata.

Sasa nifike kwa Koko, bibi yako.

Mama yangu alikuwa na tansio, presha ya damu, kwa miaka saba, na kila asubuhi wewe ndiwe uliyempa kidonge chake kimoja cha hospitali na kikombe cha maziwa ya moto. Alikuchagua mwenyewe. Alisema mama yako ana haraka na mimi nina mikono ya chumvi. Uliipenda ile kazi. Ulikuwa unasimama mbele yake mpaka ameze, kama mwalimu anayesubiri jibu.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anachagua maharagi ya kupanda. Nilikuwa nimevaa karavati.

"Mama, hii chai inasafisha damu," nikamwambia. "Lakini haipatane na dawa ya hopitali. Uache ile kwanza, siku makumi mbili na moja."

"Na mutoto? Ananiletea kila asubui."

"Pokea. Weka mu mudomo, akitoka utoe, ufunge mu kikwembe. Usimuambie. Atasumbua na maulizo."

Koko alicheka. "Wewe njo ulisoma," akasema. "Kama unasema, ni vile."

Soma tena hapo, Sifa, usiharakishe. Kuanzia asubuhi iliyofuata ulimpa kidonge, akakiweka shavuni, akanywa maziwa, akakutabasamia. Ulipogeuka kwenda shule alikitoa, akakifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, pale kiunoni ambapo wamama wanafungia funguo na vitu vyao vidogo. Alifanya hivyo kwa sababu mwanaye alimwambia.

Ilikuja Jumapili ya pili. Dokta Prosper alitufundisha kwamba ushuhuda wa kanisani unafika mbali kuliko redio. Wakati wa shuhuda nilisimama kwanza, nikasema yangu ya moyo na suruali, watu wakacheka, wakapiga makofi. Halafu nikamshika mama yangu mkono, akasimama. Ulikuwa kwenye kwaya, ulimwona.

"Nilikuwa na ugonjwa ya tansio miaka saba," akasema. "Leo mwili yangu iko mwepesi. Mungu alinipitishia uponyaji mu mukono ya mutoto wangu."

Mliimba mpaka vumbi likapanda. Mchana ule watu walijipanga mbele ya mlango wetu.

Unajua ushuhuda ulivyo kwetu. Mtu akishasema mbele ya kanisa kwamba amepona, hana njia ya kurudi wiki inayofuata na kusema ameugua. Watamuuliza katikati hapo ametenda dhambi gani. Mimi niliyemsimamisha nilikuwa nimefunga mlango na kutupa ufunguo, na sikuliona hilo mpaka siku ya kumi na sita, aliponiita nje.

"Kichwa inanigonga," akaniambia. "Na macho inaona giza-giza."

Nikampigia simu Dokta Prosper. "Ni sumu njo inatoka," akasema. "Umuongezee kikombe." Moyo ulikataa. Nilirudi kwa Koko, nikamuuliza kama hatuwezi kurudia dawa ya hospitali kidogo, kimyakimya.

"Nilisema mbele ya Mungu nimepona," akajibu. "Sasa nikimeza ile dawa, si nitakuwa nilimudanganya Mungu mbele ya watu?"

Nilikubali haraka. Mwana anayempenda mama yake angepiga magoti, angembembeleza, angekwenda kwa mchungaji na kusema kosa ni langu. Mimi nilipumua. Siku ya pili yake nilikuwa na mkutano wa wateja kilima cha pili, na mama aliyepona ndiye aliyekuwa tangazo langu.

Katika siku zilezile ulienda kwa shangazi yako kuvuna maharagi. Mvua iliwazuia, ukakosa asubuhi mbili, na ulikuwa umesahau kumwachia mama yako ile kazi ya kidonge. Ulirudi unakimbia, umejaa matope mpaka magotini, ukamwomba Koko msamaha. Akakupapasa shavu. "Haina neno," akakuambia, na ukafikiri anakuonea huruma.

Siku ya ishirini na mbili, kabla hujachemsha maziwa, alianguka kwenye mlango wa jikoni. Tulimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, wanaume wanne tukipokezana, na wewe ulikimbia kando mpaka hospitali ukimshika mkono uliokuwa umelegea. Pale muganga alimpima, akatugeukia.

"Nani njo anamupatiaka dawa?"

"Ni mimi," ukasema.

"Alipoteza siku?"

"Ndiyo. Siku mbili. Nilienda kwa shangazi... nilisahau."

Muganga akatikisa kichwa. "Dawa ya tansio hawaichezeake, mama," akakuambia. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alijibiwa, akaamini.

Mimi nilikuwa nyuma yako, hatua moja. Nilikuwa na koti la Koko mkononi na karavati shingoni. Muganga akanitazama kama mtu anayesubiri niongeze kitu. Na mimi nikaongeza. Nilisema, "Ni mutoto tu, muganga. Umusamehe."

Nimeandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kusimama kidogo. Mwanangu, wengine walinyamaza katika maisha yao, na mimi natamani ningekuwa nimenyamaza tu. Nilikuombea msamaha wa kosa langu mbele ya watu. Ukageuka, ukaniangukia kifuani, ukanishukuru.

Jioni ile shangazi yako alimvua Koko kikwembe ili wamvalishe nguo safi, akanipa nikishike. Nilikisikia kile kifundo kabla sijakiona. Nilijifungia chooni, nikakifungua, nikakifunga tena. Hapo nilikuwa bado na nafasi. Muganga alikuwa chumba cha pili, wewe ulikuwa umelala sakafuni chini ya kitanda cha Koko. Ilikuwa ni kutembea hatua kumi tu. Nikajiambia nitasema akipata nafuu. Alipopata nafuu kidogo nikajiambia nitasema ukimaliza mtihani. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa na sababu nzuri.

Aliishi miezi kumi na minne, upande mmoja umekufa na ulimi umefungwa. Ulimlisha uji wewe, kijiko kwa kijiko. Na unakumbuka alivyokuwa akifanya na ule mkono mzima? Alikuwa anakutazama, halafu anajigusa kiunoni, upande wa kulia, tena na tena, mpaka machozi yanamtoka. Ukadhani kikwembe kimelegea. Ulikuwa unakifungua na kumfunga vizuri, unamwambia, "Ni sawa sasa, Koko." Akafumba macho. Mimi nilikuwa naona. Nilikuwa najua anakuambia nini, na nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyeweza kumsemea.

Siku tulipomzika ulilia ukisema, "Koko, unisamehe." Nilitoka nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Baada ya hapo niliacha biashara ile. Niliacha kama mwizi, bila kuaga. Katoni zilizobaki nilizichoma nyuma ya nyumba ya fromaji, na wale niliowauzia sikuwahi kurudi kwao kusema acheni. Yule mama wa kilima cha pili mwenyewe alikuwa akinywa chai yangu badala ya dawa yake ya sukari. Nilikuwa napokea maziwa yake kila asubuhi na kumuuliza habari za ng'ombe. Alikuja kuokoka na ujinga wangu kwa sababu binti yake alimgombeza, siyo kwa sababu yangu. Ile karavati ndiyo iliyofunga mlango wa zizi mpaka ikaoza. Uliwahi kuniuliza kwa nini zizi letu linavaa vizuri kuliko mimi, na tukacheka wote wawili. Ulicheka kweli, mimi nilikuwa nakusindikiza.

Ulipomaliza shule ya chini, mwalimu mkuu akakuuliza kwa nini unataka uuguzi. Ukamjibu, "Nataka nijue dawa muzuri, nisisahau tena." Watu walinipongeza kwa kulea mtoto mwenye moyo. Nilipokea pongezi.

Nirudi kwenye zile boksi mbili za begi lako. Sikuzitoa na sikuambii uzitupe. Mimi sina vita na majani. Tangawizi ya mama yako na asali ya Walikale vimenitoa mafua mara nyingi, na yale mafuta ya avoka anayojipaka yamemfanya awe mzuri kuliko siku ya harusi, ila usimwambie nimesema. Lakini neno naturel lisikulaze usingizi kabla ya chai yenyewe. Mavi ya ng'ombe pia ni naturel. Zifanyie zile boksi kama mimi ninavyofanya bidon. Uliza zimetoka kwa nani, soma nyuma siyo mbele, na kama nyuma hapasomeki, hilo nalo ni jibu. Ukimpenda sana aliyekuletea, uliza zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunapopokea kwa mikono miwili. Unajua haya yote kuliko mimi. Nayasema kwa kuwa hata wewe, na blauzi zako nyeupe, ulizipokea bila kuuliza, na nafikiri najua sababu. Uchovu wako haujatoka mwilini. Mimi ndimi niliyekutia kitu kinachokuamsha, na nikikuacha uondoke na boksi bila kukuambia, nitakuwa nimekuuzia mara ya pili.

Na kule Itebero watakuja. Atakuja mzee ameanguka, na nyuma yake familia, na mtoto mmoja atakayesema, ni mimi, nilisahau. Usimalizie hapo. Mtoe nje mtu mzima wa nyumba ile, mbali na mtoto, umuulize wanakunywa nini kingine. Atasema hakuna. Muulize tena polepole, bila kumkaripia, mwambie hutamsema kwa mtu. Mimi sijui kama ningejibu hata mara ya pili. Nisijifanye mwema sasa. Lakini mara ya kwanza ilikuwa rahisi mno kujificha nyuma yako, ulikuwa umesimama pale mbele yangu kabisa.

Jumapili nitasimama kwenye shuhuda. Nitasema ile niliyoitoa ilikuwa ya uongo na ya Koko pia niliitengeneza mimi. Mama yako amesema atakaa karibu na mlango ili nisikimbie. Tangu asubuhi nimegeuza fromaji zilezile mara mbili nikifikiria, mtu mzima na mvi zangu.

Ungeniuliza kwa nini sikukuambia uso kwa uso, leo, hapa, na tuna siku nzima. Ni kwa sababu nakujua. Ungenikumbatia. Ungesema haina neno, Papa, kama Koko, na mimi ningeipokea haraka kama nilivyopokea mambo mengine. Sitaki unisamehe mlangoni, pikipiki ikinguruma. Kasirika kwanza. Njia ni ndefu, una msitu mzima wa kupita, kasirika mpaka ufike. Ukitaka kunipigia simu unitukane, nitapokea. Usipopiga mwezi mzima, nitajua uko unatembea.

Maziwa yameganda, nimeyagusa kwa kidole, yanakatika safi. Nasikia sauti zenu mnavuka kijito, mama yako anakuambia habari ya soksi. Lazima nimalize.

Sasa fungua kifundo. Ni ncha ya kile kikwembe chake cha maua ya njano, niliikata usiku uleule wa hospitali kabla sijakirudisha kikwembe, na kilichobaki tulimzika nacho. Vilivyomo ni vya zamani, vimegeuka rangi, usimpe mtu. Vihesabu. Vihesabu mara tatu kama ilivyo kawaida yako, na ikiwezekana iwe mara ya mwisho. Utapata kumi na tisa. Hivyo ni vya asubuhi zote ulizokuwepo, hakuna hata moja uliyokosa. Na vile viwili vya siku za mvua kwa shangazi yako, ungempa, navyo vingekuwa humu. Leo ungekuwa unahesabu ishirini na kimoja.

Baba yako,
aliyekuwa amesimama nyuma yako